Mkono Mmoja, Pweza Mmoja

Nyumba za kijiji cha Fagavai hazina kuta. Zina nguzo, paa na mikeka. Upepo wa bahari unaingia bila kupiga hodi, na macho ya majirani vilevile. Ukigombana na mkeo upande huu wa kijiji, upande ule wanajua kabla yako nani amekosea.

Kwa hiyo Petelo alipopata gari, hakuhitaji kumtangazia mtu. Lakini alitangaza.

Binti yake anafanya kazi Auckland, New Zealand. Alimnunulia baba yake gari dogo lililotumika, akalisafirisha kwa meli. Kwenye simu alisema, "Baba, ni jekundu." Jumapili hiyohiyo Petelo akawaambia watu kanisani, "Gari langu linakuja. Ni jekundu kama nyanya."

Gari likaja. Lilikuwa la waridi. Waridi kabisa, kama keki ya watoto.

"Limepauka kidogo," alisema Petelo. "Chumvi ya bahari."

Watu wakatazama chini. Wengine wakashikwa na kikohozi.

Mmoja tu hakukohoa. Huyo ni Bibi Seluia, mama mkwe wake Petelo. Macho ya bibi yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, ule unaoitwa mtoto wa jicho. Alimwona mtu kama kivuli. Rangi hakuziona tena. Alipapasa boneti ya gari, akatabasamu.

"Hata ukiligusa unajua," alisema. "Hili ni jekundu."

Nani angethubutu kumwambia? Hakuna. Na Petelo hakuona haja.

Bibi Seluia alikuwa msusi wa mikeka. Si mikeka ya kulalia. Ni ile ya sherehe, ya majani ya mkadi yaliyochanwa membamba kama nyuzi. Mkeka mmoja unachukua mwaka mzima au zaidi, na ukiisha ni laini kama hariri. Mkeka aliokuwa akiusuka sasa ulikuwa wa mjukuu wake wa Auckland, huyohuyo binti wa Petelo, anayeolewa mwakani. Ulikuwa umefika nusu. Lakini vidole pekee havitoshi. Kila mwezi kamati ya wanawake ilipokagua mikeka, ya wengine ilitandazwa mbele. Wa bibi ulitandazwa pembeni, nyuma ya nguzo. Ulikuwa na matundu. Hakuna aliyemwambia hilo pia.

Basi nesi wa kijiji alipoleta habari njema, Lagi, mke wa Petelo, aliruka kama msichana.

"Madaktari wa macho wamekuja Apia," nesi alisema. "Watakaa wiki moja tu. Mama yako nimemwandikisha Jumatatu. Awe hospitali kabla ya saa tano asubuhi."

Apia iko kisiwa cha pili. Kutoka Savai'i, kisiwa chao, unavuka kwa meli, na meli inaondoka bandari ya Salelologa saa mbili kamili asubuhi.

"Tuondoke hapa saa kumi na mbili," alisema Lagi Jumapili baada ya chakula.

"Tukafanye nini bandarini mapema hivyo? Tukahesabu samaki?" Petelo alijibu. Alikuwa ameshiba, na mtu aliyeshiba anajua kila kitu. "Sikiliza, mke wangu. Kibao cha mwanzo wa kijiji kinasema bandari ni thelathini na tano. Kibao cha sheria kinasema mwisho wa mwendo ni thelathini na tano. Thelathini na tano kwa thelathini na tano ni saa moja. Tukiondoka kumi na mbili na nusu, moja na nusu tuko pale, tunakunywa kakao."

"Una hakika?"

"Miaka kumi na miwili nimeifanya hesabu hiyo. Imewahi kuniangusha?"

Kweli, haikuwahi. Kwa miaka kumi na miwili Petelo alikuwa na pikapu kuukuu lililotoka visiwa vya jirani, Pago Pago. Kibao kikisema thelathini na tano, anapeleka mshale kwenye thelathini na tano. Kwa saa moja anafika. Kisha kutu ikalila lile pikapu mpaka likaanguka mlango. Sasa alikuwa na gari jipya, na hesabu ileile ya zamani.

Jumatatu waliondoka saa kumi na mbili na nusu. Petelo alivaa shati la kanisani. Bibi alikaa mbele, Lagi nyuma na kikapu cha majimbi ya kumpelekea shangazi yake Apia. Petelo alipeleka mshale kwenye thelathini na tano, akaushikilia hapo kama mtu aliyebeba sufuria iliyojaa uji.

Basi la wanafunzi likawapita.

Lori la nguruwe likawapita. Nguruwe waligeuza vichwa, wakawatazama mpaka kona.

"Petelo," alisema Lagi, "tunakwenda au tumeegesha?"

"Tunakwenda mwendo wa sheria. Tazama mshale. Thelathini na tano."

Nyuma yao ikasikika pikipiki ndogo. Ilikuwa ya mchungaji. Mkewe alikaa nyuma ameshika mwavuli. Mchungaji alipowafikia alipunguza, akainua mkono.

"Mungu awafikishe!" alisema. Akapita.

"Hata mchungaji anatupita!" alisema Lagi.

"Mchungaji anavunja sheria," alisema Petelo. "Nitamwombea."

Walifika Salelologa saa mbili na dakika sita. Lango la bandari lilikuwa limefungwa. Honi ikalia baharini, nene na ndefu.

"Hiyo ni meli yetu?" aliuliza bibi.

"Ndiyo, mama," alisema Lagi.

"Inakuja?"

Lagi aliutazama moshi wa meli. Kisha akasema, "Inakwenda, mama."

Meli iliyofuata ilikuwa ya saa sita mchana. Lagi akapiga simu hospitali. Nesi wa huko alikuwa mpole. "Imebaki nafasi moja," alisema, "Alhamisi, kabla ya saa tano. Hiyo ndiyo siku ya mwisho. Usiku ule madaktari wanapanda ndege. Mwakani watarudi, kama watarudi."

Wakageuza gari. Walipokaribia nyumbani, bibi alimpapasa Petelo begani.

"Usihuzunike, mkwe. Mimi dunia nimeiona vya kutosha." Akakunja vidole vyake. "Ila mkeka wangu nilitaka kuumaliza."

Petelo angependa bibi amtukane. Ingekuwa afadhali.

Jumanne kijiji kizima kilikuwa na habari. Kila aliyepita mbele ya nyumba alikuwa na swali.

"Petelo, nasikia kasa alikupita?"

"Petelo, ni kweli bibi alishuka kuchuma maua, akapanda tena?"

Petelo alikuwa ameinama ndani ya boneti. Alikuwa akitafuta ugonjwa. Alichomoa waya, akaurudisha. Alipiga tairi teke. Mimi huwa nasema, mwanaume akianza kupiga tairi teke, ujue hana jibu.

Mchana akaja Fuatino, jirani yao. Alikuwa ametoka mwambani na wanawake wenzake, na nguo yake bado inachuruzika maji. Mkononi alining'iniza pweza mkubwa.

Fuatino ni mtu wa miaka sitini na kitu. Kwa miaka ishirini aliendesha lori la kokoto, na kuwasimamia watu waliotengeneza barabara za kisiwa kile. Ana sauti ya kushindana na injini.

"Lagi! Weka nazi, nimekuja na mgeni mwenye mikono mingi," aliita. Kisha akamgeukia Petelo. "Na wewe, bwana mdogo, mgonjwa anaendeleaje?"

"Dada Fuatino, niache. Nimeuziwa gari bovu."

"Bovu vipi?"

"Kwanza halina nguvu. Nilikwenda thelathini na tano njia nzima, kama kibao kinavyosema. Saa moja nzima, bandari siioni. Pili, linasema uongo. Lina mahali linahesabu umbali. Nilipotoka hapa lilianza na sifuri. Nilipofika bandarini limeandika hamsini na sita! Barabara ni ya thelathini na tano, dunia nzima inajua. Imerefuka lini?"

Fuatino alimtazama. Kisha akamtazama pweza, kana kwamba anataka shahidi. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo.

"Gari lako halijasema uongo hata neno moja," alisema. "Njoo. Soma pale chini ya mshale. Pameandikwa nini?"

Petelo akaingiza kichwa dirishani. "K, M."

"Kilomita. Na kibao cha barabarani kimeandikwaje?"

"Thelathini na tano."

"Thelathini na tano nini?"

Petelo akaingiza kichwa dirishani tena. Kibao hakikuwamo.

"Maili," alisema Lagi kutoka jikoni, akikuna nazi.

"Maili!" alisema Fuatino. "Vibao vyetu vinasema maili. Pikapu lako la Pago Pago lilisema maili, mkaelewana. Hili limetoka New Zealand. Kule wanahesabu kilomita. Kibao kinaongea kwa maili, mshale unajibu kwa kilomita, na wewe katikati umekaa kama mkalimani aliyelala."

"Lakini thelathini na tano ni thelathini na tano!"

"Vikapu vitano vya sukari na vijiko vitano vya sukari ni sawa?"

"Si sawa."

"Lakini vitano ni vitano!"

Lagi akacheka. Hata bibi, aliyekuwa pembeni akisuka mkeka wake, akatikisa mabega.

"Maili ni ndefu, kilomita ni fupi," alisema Fuatino. "Njia ni ileile. Ukiipima kwa hatua za mtu mrefu, hatua ni chache. Ukiipima kwa hatua za mtu mfupi, hatua ni nyingi. Barabara haikurefuka. Umebadilisha mpimaji."

Petelo alikaa chini kwenye ukingo wa nyumba. Alikuwa na aibu, lakini alikuwa na shida kubwa kuliko aibu. "Sasa nitajuaje, dada? Alhamisi ndiyo siku ya mwisho. Mimi shule niliacha tulipofika kwenye kugawanya. Nikisoma kibao njiani, nitoe kalamu?"

"Kalamu ya nini? Una mikono." Fuatino akamnyooshea mkono wake mpana. "Vidole vingapi?"

"Vitano."

Akamwinua pweza juu, maji yakamdondokea Petelo kwenye goti. "Na huyu ana minyiri mingapi?"

"Minane. Hilo hata mtoto anajua."

"Basi umemaliza shule. Maili tano ni kilomita nane. Mkono mmoja wa maili, pweza mmoja wa kilomita. Sema."

"Mkono mmoja, pweza mmoja."

"Kibao kinasema maili kumi. Mikono mingapi?"

"Miwili."

"Basi pweza wangapi?"

"Wawili." Petelo akahesabu kwa midomo. "Nane na nane. Kumi na sita. Kilomita kumi na sita!"

"Maili ishirini?"

"Mikono minne. Pweza wanne. Nane, kumi na sita, ishirini na nne... thelathini na mbili."

"Umeona? Kichwa kipo, kilikuwa kimeegeshwa tu. Haya, sasa mkubwa wao. Thelathini na tano."

Petelo alifumba macho. Nyumba haina kuta, na majirani walikuwa wamesogea. Mzee mmoja wa ng'ambo ya njia alikuwa ameacha kabisa kufagia.

"Mikono saba," alisema Petelo polepole. "Pweza saba. Nane mara saba... hamsini na sita."

Akafumbua macho.

"Hamsini na sita! Ndivyo gari lilivyoandika!"

"Ndilo hilo gari lako la uongo," alisema Fuatino. "Sasa jione mwenyewe Jumatatu. Mbele yako kilomita hamsini na sita. Mshale wako kilomita thelathini na tano kwa saa. Saa ya kwanza umemaliza thelathini na tano. Bado ngapi?"

"Ishirini na moja," alisema Lagi haraka.

"Hizo ishirini na moja, kwa mwendo ule, ni dakika thelathini na sita nyingine. Mliondoka saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Weka saa moja na dakika thelathini na sita."

Lagi aliacha kukuna nazi. "Saa mbili na dakika sita," alisema. "Ndiyo saa tuliyofika. Kamili."

Hakuna aliyecheka sasa. Dakika sita ni kitu kidogo. Ni muda wa kuchemsha maji ya chai. Lakini zilikuwa zimechukua macho ya bibi.

Fuatino aliona nyuso zao, akakaa. "Msijilaumu sana," alisema. "Mimi nilifanya vibaya zaidi. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliambiwa barabara ya mlimani ni nane. Nikaagiza kokoto za nane. Barabara ilikuwa maili nane, mimi nikaagiza za kilomita nane. Tulimwaga kokoto vizuri kabisa, tukapiga na wimbo, mpaka zikaisha katikati ya msitu. Mbele yetu miti na ndege. Kwa miaka mitatu watu waliniita Barabara Nusu. Hata mkwe wangu."

"Maili nane ni mikono mingapi?" aliuliza Petelo. "Mkono mmoja na vidole vitatu vinaning'inia."

"Swali zuri. Vidole vikining'inia, kuna njia nyingine. Ichukue namba yenyewe. Ongeza nusu yake. Kisha ongeza sehemu yake ya kumi. Nane, nusu yake?"

"Nne. Kumi na mbili."

"Sehemu ya kumi ya nane haifiki moja, ni kasoro kidogo. Sema moja."

"Kumi na tatu."

"Kilomita kumi na tatu. Mimi nilipeleka nane. Jua la mwaka ule bado liko mgongoni mwangu."

Lagi alikuwa amesogea, mikono yake myeupe kwa tui. "Kwa dada yangu ni maili kumi na mbili," alisema. "Kumi na mbili, na nusu yake sita, ni kumi na nane. Sehemu ya kumi ni moja na kidogo. Kilomita kumi na tisa na kidogo."

"Petelo," alisema Fuatino, "huyu ndiye angeendesha."

"Na kurudi nyuma?" aliuliza Lagi. "Gari likisema kilomita themanini?"

"Geuza tu. Hesabu pweza kwanza. Themanini ni pweza kumi, basi ni mikono kumi. Maili hamsini. Na ukiona askari, ni faini."

"Ni sawasawa kabisa?" aliuliza Petelo.

"Si sawasawa kabisa. Inakosea kidogo sana. Kutoka hapa mpaka bandarini inakosea chini ya urefu wa kijiji hiki. Kwa kupanga safari inatosha. Lakini nisikilizeni." Fuatino aliinua kidole kimoja. "Hamsini na sita ni mwisho, si amri. Na vijijini kibao kinasema ngapi?"

"Ishirini na tano," alisema Petelo. "Mikono mitano. Pweza watano. Arobaini."

"Arobaini, na chini zaidi ukiona watoto. Kwa hiyo usiseme saa moja. Sema saa moja na robo, na uondoke mapema. Hesabu haimzuii nguruwe kuvuka."

Siku ile walikula pweza wa nazi. Petelo alihesabu minyiri kabla ya kula, kisha akahesabu tena. Jioni Lagi akakata vipande viwili vya plasta ya kidonda, wakavibandika kwenye kioo cha mshale. Kimoja kwenye arobaini, cha kijijini. Kimoja baada ya hamsini na tano, cha barabara kuu.

"Gari limeumia?" aliuliza jirani.

"Linapona," alisema Petelo.

Alhamisi walipanga kuondoka saa kumi na mbili na robo. Saa kumi na mbili na dakika kumi kila mtu alikuwa tayari. Petelo akawasha injini. Chini ya gari kitu kikaguna.

Alikuwa nguruwe jike wa Fuatino. Alikuwa amelala kati ya magurudumu na watoto wake saba, na hakuwa na safari.

"Fuatino!" Lagi alipiga kelele. "Nguruwe wako!"

"Si nilisema?" Fuatino alijibu, akija mbio na nguo imefungwa upande. "Nilisema nguruwe!"

"Ulisema atavuka! Huyu amelala!"

Walimvuta mguu, akavuta wake. Walimsukuma kwa fagio, akalala vizuri zaidi. Mwishowe bibi akasema kutoka kiti cha mbele, "Mwonyesheni tunda la shelisheli la kuchoma. Mimi ningetoka." Wakaleta shelisheli. Nguruwe akatoka, na wanawe mstari mmoja.

Gari liliondoka saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Muda uleule wa Jumatatu, na dakika tano zaidi.

Lagi aliikodolea macho saa yake. "Tumechelewa. Petelo, kimbiza! Kimbiza tu!"

Petelo alishika usukani kwa mikono miwili. Kijijini aliweka mshale kwenye plasta ya kwanza. Kijiji kikaisha, akaupeleka karibu na plasta ya pili. Barabara ikaanza kukimbia. Minazi ikapita. Lori la nguruwe lile la Jumatatu, wakalipita wao.

Kijiji kingine. Arobaini. Watoto wa shule walikuwa kando ya njia, akashuka mpaka ishirini. Lagi aliuma kitambaa chake.

Kisha kibao kikatokea kwenye kona, cheupe, cha zamani. Bandari kumi. Saa ya Lagi ilisema saa moja na dakika ishirini na nane.

"Kumi bado!" alisema Lagi. "Hatufiki. Weka themanini, Petelo. Mara moja tu. Kwa ajili ya mama."

Mguu wa Petelo ulitaka. Ulikuwa umeanza kwenda wenyewe. Mbele yake aliona kanisa, na mbwa wawili, na mtoto anayesukuma baiskeli.

"Maili kumi," alisema kwa sauti. "Mikono miwili. Pweza wawili. Kilomita kumi na sita." Akapumua. "Tukienda hivihivi, polepole vijijini na haraka nje, ni dakika ishirini na kitu. Itakuwa moja na dakika hamsini. Tunafika, Lagi. Tunafika bila kumgonga mtu."

"Una hakika?"

Jumapili alikuwa ameulizwa swali hilohilo. Safari hii hakusema miaka kumi na miwili. Alihesabu tena kwa vidole juu ya usukani.

"Nina hakika," alisema.

Waliingia bandarini saa moja na dakika hamsini. Lango lilikuwa wazi. Watu walikuwa bado wanapanda na vikapu vyao. Honi ikalia.

"Inakwenda?" aliuliza bibi, na kumshika Petelo mkono.

"Inatungoja, mama," alisema Petelo. Akambeba mpaka kwenye ngazi, ingawa bibi alisema miguu yake haina mtoto wa jicho.

Petelo akabaki na gari upande huu. Saa nne na nusu Lagi na mama yake walikuwa wamekaa kwenye benchi la hospitali. Bibi alitibiwa jicho la kulia. La kushoto litangoja mwakani, na bibi anasema moja linatosha kuwaona waongo.

Mkeka nao ulikwisha. Bibi alifumua yale matundu yote, akasuka upya. Kamati ilipokuja kukagua, ulitandazwa mbele kabisa. Lakini kijijini watu hawauzungumzii sana. Wanaizungumzia safari ya kurudi.

Ilikuwa Jumamosi. Petelo aliwapokea bandarini. Bibi alishuka kwenye meli amevaa miwani nyeusi ya hospitali, kichwa juu kama malkia. Alitembea peke yake. Alifika mbele ya gari, akasimama. Akainua miwani.

"Petelo."

"Naam, mama."

"Gari lako jekundu umeliacha wapi?"

Petelo alitazama bahari. Lagi alitazama kikapu. Mlinzi wa lango akashikwa na kikohozi.

"Ndilo hili, mama."

Bibi alilizunguka gari mara moja, polepole. "Kwa hiyo siku zote hizi," alisema, "mlikuwa mnanitembeza ndani ya keki."

Akapanda, akafunga mlango. Wakatoka mjini. Kibao cha sheria kikaonekana upande wa kushoto. Bibi akasogea mbele mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Thelathini na tano," alisoma. Ilikuwa miaka mitatu tangu asome kitu chochote. Akafungua kiganja, akakunja vidole. "Mikono saba. Pweza saba. Hamsini na sita." Akageuka kutazama mshale. "Mbona wewe uko hamsini? Nina mkeka nyumbani unaningoja."

"Hamsini na sita ni mwisho, mama, si amri."

"Barabara ni tupu, mkwe."

Ilikuwa tupu. Ilikuwa na pikipiki moja tu, mbali, na mwavuli nyuma yake. Petelo akasogeza mshale kuelekea plasta. Wakaikaribia pikipiki, wakaifikia. Petelo akapunguza, akawapa nafasi kubwa. Lagi akatoa kichwa dirishani.

"Mungu awafikishe, mchungaji!" aliita.

Wakapita. Bibi Seluia aligeuka nyuma, akatazama kwa muda mrefu, mpaka kona ikawaficha.

"Petelo," alisema, "umeuona mwavuli wa mke wa mchungaji?"

"Nimeuona, mama."

"Rangi ile," alisema bibi, akajiegemeza, "ndiyo inaitwa nyekundu."